Nyuzi Kutoka Magogo ya Migomba

Aliyepata kuvuka mpaka wa Kenya pale Busia, akashika njia ya Kampala, anajua ya kwamba ukisha kupita Jinja na mto Nile, kisha msitu wa Mabira, macho hayachoki kuona migomba. Katika Buganda ndizi ni chakula hasa, si tunda la kutafuna njiani. Walakini mgomba huzaa mara moja tu. Mkungu ukikatwa, gogo huangushwa ili machipukizi yapate nafasi.

Nilikwenda kutazama banda moja upande wa Mukono ambamo magogo hayo hugeuzwa nyuzi. Kwa kweli gogo la mgomba si mti. Ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Vijana huyabandua maganda, wakayapasua, wakayasukuma katika mashine yenye gurudumu la visu butu. Mtu aliyefanya kazi katika shamba la mkonge angeitambua mara moja, maana ni ndugu mdogo wa mashine ya huko. Nyama ya ganda huparurwa ikaanguka pamoja na maji, na mkononi hubaki nyuzi ndefu zenye kung'aa, ambazo huanikwa na kuchanwa. Mimi niliyeharibu mashati mengi kwa utomvu wa mgomba nilicheka kuona ya kwamba mmea huo huo waweza kutoa nguo.

Lakini shati bado liko mbali. Nyuzi hizi ni ngumu, hufaa mazulia, vikapu na mikeka. Ili ziwe nguo ya kuvaa sharti zilainishwe, na mara nyingi zichanganywe na pamba.

Jirani wa banda, mzee mwenye migomba mizuri, hauzi hata gogo moja. Nikamwuliza, "Mzee, mbona wazikataa fedha?" Akanionyesha matandazo chini ya migomba yake. "Mwanangu, wakichukua magogo yangu, mwaka ujao nitatandaza nini?" Wala si mvivu mzee huyo. Magogo huyakatakata vipande yakauke upesi, kwa sababu gogo zima likilala shambani huwa nyumba ya fukusi, na watoto wa fukusi hutoboa tunguu za migomba iliyo hai.

Nikarudi bandani kuuliza tope lile lililoparurwa huenda wapi. Hurundikwa likaoza, wakaniambia, likawa mbolea. Na ndivyo ilivyo: sehemu kubwa ya rutuba, hasa potasi, imo katika tope na maji, wala si katika nyuzi. Nikampelekea mzee habari hiyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mkokoteni utakaochukua magogo na urudi na tope. Hapo nitawauzia nusu."

Nilipokuwa nikiondoka, yeye na msimamizi wa banda walikuwa wamesimama njiani wakibishana nani atakayelipa mkokoteni huo kwa safari ya kurudi.