Safari ya Houston na Walanguzi wa Tiketi



Tuliondoka Fort Worth Jumamosi moja baada ya sala ya alfajiri, tukapita Dallas kuwachukua wenzetu, kisha tukashika barabara kuu nambari 45 kuelekea Houston. Kutoka Dallas ni mwendo wa maili 240 hivi: Corsicana, Fairfield, Madisonville, nchi tambarare ya malisho, hadi Huntsville, ambako sanamu nyeupe ya Sam Houston inachungulia juu ya misonobari. Hapo tulisimama, tukala sambusa zilizokwisha poa.

Safari yenyewe ilikuwa ya vijana wetu watano, waliokuwa wakienda kwenye tamasha la muziki. Tunajua baadhi ya wazee wetu watakunja uso kulisikia hilo, na mmoja alikwisha kutuambia kwamba pesa za muziki zikipotea zimefika kwao. Hatukubaliani naye. Vijana hao walichanga zawadi zao za Idi na ujira wa kupanga bidhaa dukani. Aliyedhulumiwa amedhulumiwa, hata kama hatukipendi alichokwenda kukinunua.

Siku tiketi zilipotolewa walikuwa mbele ya simu zao kabla ya saa iliyotangazwa. Foleni ilipowafikia, zimekwisha. Adhuhuri haijaingia, tiketi za tamasha lilelile zikawa zinauzwa kwingine katika intaneti kwa dola 210, ilhali bei yake ya asili ilikuwa dola 85. Wakanunua.

Wapo watu wanaotumia programu za kompyuta zinazonyakua tiketi kwa mamia, binadamu akiwa bado anaandika jina lake. Wengine huuza hata tiketi wasiyokuwa nayo, wakitumaini kuipata baadaye. Texas iliionja shubiri hiyo Novemba 2022, zilipouzwa tiketi za Taylor Swift, aliyekuwa aimbe usiku 3 Arlington na usiku 3 Houston mwaka 2023. Kampuni ya Ticketmaster ilisema mitambo yake ilipokea maombi bilioni 3.5, yakiwamo mashambulizi ya programu hizo, na mauzo ya wazi ya tarehe 18 yakafutwa. Sheria ya nchi nzima dhidi ya programu hizo ilikuwapo tangu 2016. Texas nayo ikatunga yake, ikaanza kutumika Septemba 2023. Lakini sheria hizo zinapambana na mashine inayonunua. Hazimzuii mtu kuuza tena kwa bei aitakayo.

Sisi tuliokulia Tanzania neno ulanguzi si geni kwetu. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipowasaka walanguzi, wako waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Na yule mlanguzi wa tiketi za basi pale Ubungo, kabla stendi haijahamia Mbezi, angalau ungeweza kumshika shati.

Mlangoni Houston, mashine ilizikubali tiketi tatu, ikazikataa mbili. Siku hizi tiketi nyingi za simu hubadilisha alama zake kila baada ya sekunde chache. Zile mbili zilikuwa picha tu. Mama wa mlangoni aliwaonea huruma, lakini hakuwa na la kufanya. Watatu walitaka kurudi nyuma pamoja na wenzao, tukawalazimisha waingie. Waliobaki, dada na mdogo wake wa kiume, walikaa nasi kwenye maegesho, joto la Houston likitubana hata jua lilipokwisha kuchwa. Tuliswali magharibi kando ya gari, na ngoma zikisikika vizuri mno.

Muuzaji hakuwa na jina ila herufi na tarakimu. Tumemwandikia mara nne.

Usiku wa manane, tukiikaribia Huntsville, yule mdogo aliuliza dola 420 zile zimekwenda kwa nani. Baba yake, aliyekuwa kwenye usukani, akasema hajui. Dada mtu alikuwa amegeukia dirishani, na hatukujua kama amelala.