Tiyo ya moshi na falanga ya mtihani



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini pick-up ya shule ilikaa juma mbili juu ya matofali mbele ya atelie, na kwa nini wanafunzi wa mwaka wa sita mekanika walikuwa wakigombana pale kila magaribi. Wengine walisema tumeiharibu. Wengine walisema tumeuzisha mashini. Sisi tulio doyeni wa wanafunzi tumeona heri kuandika mambo yote jinsi yalivyokuwa, hata yale yasiyotupendeza, maana maneno ya korido hayana freni.

Mnaijua ile motokari. Ni ya mazutu, iko na turbo, ilitengenezwa mwaka 2008, na ilifika hapa Lubumbashi kisha kutumika miaka mingi huko Ubelgiji. Njo inatuletea unga na makala, njo inapeleka wagonjwa ku hospitali. Mwezi uliopita tiyo yake ya moshi ilikatika nyuma juu ya kutu. Tena kwa mlima ilikuwa imepoteza nguvu, inatoa moshi mweusi, shofere anaomba abiria washuke. Bwana Prefe akatuita akasema: "Vijana, ninyi munajiita ba-mekanisiye. Muchague ninyi wenyewe tiyo mpya, muniletee bei. Isipite dola 90. Na chuma kizee kitakachotoka ni cha klasi yenu."

Mshike vizuri neno hilo la mwisho, maana ndilo lililotuchoma.

Siku ya posho tulienda Katuba, watu watano, kutafuta bei. Fundi mmoja alikuja naye hadi shuleni, akalala chini ya motokari, akagonga kile kichupa cha chuma kilicho katikati ya tiyo. Akacheka. "Batoto, munaona hii? Ni katalizeri. Hii njo inazuia motokari yenu kupumua. Tuikate, tutie tiyo munene moja kwa moja, turbo itaimba. Na hii katalizeri, miye naibeba, nawapa dola 120 mu mukono."

Ndugu, dola 120! Katika klasi yetu wanne walikuwa hawajamaliza kulipa falanga ya mtihani wa Serikali. Mmoja wao ni mwenzetu wa benchi, ambaye baba yake alifariki tulipokuwa mwaka wa nne. Kila mtu alipiga hesabu kichwani kwa wakati mmoja, hata kabla fundi hajajipangusa mavumbi. Chuma kizee ni chetu, Bwana Prefe amesema. Tukapiga kura palepale. Mikono 19 ilisema tukate, mikono 3 ilisema tungoje. Na sisi tunaoandika, doyeni wenu, mkono wetu ulikuwa wa kwanza kupanda. Hatutaki kuficha.

Mwalimu wetu wa atelie alisikia, akatoka akiwa na chai mkononi. Hakukasirika. Aliuliza neno moja tu: "Mumepima?"

Tukanyamaza. Tulikuwa hatujapima kitu. Tulimwamini mtu anayetaka kununua ile kitu aliyotuambia ni mbovu.

Hapa tueleze kidogo kwa wadogo wetu wa option nyingine. Turbo inazungushwa na moshi wenyewe. Moshi unatoka kwa mashini na nguvu, unasukuma gurudumu dogo ambalo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Gurudumu hilo limefungwa kwa ufito mmoja na lingine, na hilo la pili linasukuma hewa nyingi ndani ya mashini. Kwa hiyo fundi hakusema uwongo wote. Ikiwa tiyo nyuma ya turbo imeziba, moshi unarudi kusukuma gurudumu, na nguvu inapotea. Lakini njia ya kujua kama imeziba ni kupima.

Mwalimu alitufanya tutoboe tundu dogo kati ya turbo na katalizeri, tupige sudire ya nati, tufunge kijitiyo cha shaba chenye urefu wa kutosha ili moshi upoe. Kwenye kijitiyo tukaunga mpira unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U juu ya ubao, ukiwa na maji. Ni fizika ya mwaka wa tatu! Maji yakipanda upande mmoja tofauti ya meta moja, ni kama kilopaskali 10. Mwalimu akasema, "Yakifika huko, tutasema imeziba, na mukate."

Tukawasha, tukapandisha mashini hadi mizunguko 2,500. Maji yakapanda, yakatetemeka, yakasimama kwa sentimita 20.

Ni kweli, motokari ilikuwa imesimama bila mzigo, na kipimo cha namna hiyo hakisemi yote. Njo maana tuliendelea kutafuta. Kesho yake, mwanafunzi mmoja kati ya wale watatu waliosema tungoje alipitisha mkono chini ya mpira mkubwa unaotoka kwa turbo kwenda kwa radiateri ya hewa, akaona vidole vyeusi kwa mafuta. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali macho hayafiki. Turbo ilikuwa inafanya kazi yake yote, na hewa inatokea njiani. Mashini inapata mazutu bila hewa ya kutosha, basi moshi mweusi na nguvu kidogo. Mpira mwingine wa kizamani tuliupata kwa dola 12. Shofere aliijaribu mlimani na mifuko 20 ya unga. Akarudi akipiga honi.

Basi katalizeri haikuwa na kosa. Lakini, wasomaji, kazi haikuisha, maana mikono 19 ilikuwa bado inaona dola 120. Mmoja akasema: "Sawa, haikuziba. Lakini hapa kwetu nani anaiomba? Toka tuzaliwe hatujaona askari wa barabara akipima moshi kwa chombo."

Neno hilo lilikuwa na nguvu, na lilitupeleka kusoma. Marekani waliandika sheria kubwa ya hewa safi mwaka 1970, na motokari za esanse za mwaka 1975 nyingi zao zilianza kutoka na katalizeri. Ulaya walianza kanuni ya Euro 1 mwaka 1992. Motokari yetu ni ya Euro 4. Huko kwao mwenye motokari ya turbo anayetaka tiyo nyingine hachagui kwa sikio tu. Kuondoa katalizeri ni marufuku. Sehemu iliyo nyuma ya katalizeri anaweza kuibadilisha, lakini kwa kanuni. California wanaomba namba ya ruhusa ya ofisi ya hewa kwa kila kitu kipya kinachogusa usafi wa moshi. Ulaya, silansiye ya kubadilisha inapaswa kuwa na alama iliyopigwa ndani ya chuma, herufi E na namba ya inchi iliyoikubali: E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E6 ni Ubelgiji.

Na hata huko watu wanajaribiwa. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilitia programu ndani ya motokari za mazutu, karibu milioni 11 duniani kote, inayotambua saa ya kupimwa. Motokari inakuwa safi mbele ya mpimaji, na ikifika barabarani inachafua. Tulicheka tuliposoma. Kisha tukaacha kucheka, maana na sisi tulikuwa tunasema vilevile: hakuna anayepima, basi tukate.

Katalizeri ya mazutu haizuii masizi yote, tusidanganyane. Kazi yake ni kuchoma ile gazi ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni, pamoja na mafuta ambayo hayakuungua, na kupunguza harufu. Kushika masizi ni kazi ya filtre, ambayo yetu haina. Lakini mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliandika moshi wa mazutu katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa mtu. Na pick-up inawashwa wapi kila asubuhi saa kumi na moja? Chini ya madirisha ya bweni la mwaka wa kwanza. Sisi tulilala bweni hilo. Tunajua wadogo wanavyoamka wakikohoa hata sasa, katalizeri ikiwa mahali pake. Hapo hakuna askari, lakini kuna vifua 60.

Tukapiga kura tena. Mikono 14 ikasema ibaki. Mikono 8 ikasema iuzwe. Mwenzetu wa benchi alikuwa kati ya wale 8, na alisema mbele ya wote: "Munalinda kifua cha batoto na falanga yangu." Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna jibu zuri.

Baada ya hapo kuchagua tiyo kulikuwa rahisi zaidi. Tulikuwa na tatu za kuchagua. Ya kwanza, tiyo munene ya sentimita 7 na nusu, inayong'aa, bila alama yoyote, dola 110, na mlio wake unaweza kuamsha wafu. Ya pili, tiyo ya chuma ya kawaida ambayo tungeikunja na kuipiga sudire sisi wenyewe, dola 35, bila silansiye. Ya tatu, sehemu ya nyuma ya motokari kama yetu, ya kizamani kutoka Ubelgiji, na E6 inasomeka juu yake ukiisugua na mchanga, dola 65. Tuliipiga nyundo kidogo, haikutoa kutu ndani.

Wenye kupenda ile inayong'aa walisema turbo inataka nafasi. Tukarudi kwa maji yetu. Na ile tiyo ya E6 ikiwa imefungwa yote, maji yalisimama kwa sentimita 27. Bila kitu nyuma ya katalizeri yalikuwa 20. Kwa hiyo hata tiyo kubwa kama mlango ingetuokolea sentimita 7 za maji basi. Kwa shule inayobeba unga, hiyo si sababu ya kutoa dola 45 zaidi. Dola 12 za mpira na dola 65 za tiyo ni dola 77. Zilizobaki 13 tulirudisha kwa Bwana Prefe pamoja na karatasi.

Sasa pick-up inapanda mlima na watu ndani. Nati ya kipimo tumeifunga na bulo, na kila muhula klasi ya mekanika itapima tena na kuandika namba ukutani mwa atelie.

Lakini habari ya mwisho si ya motokari. Kati ya wale wanne, watatu wamekwisha kulipa. Mwenzetu wa benchi bado anakosa dola 30, na siku ya mwisho inakaribia. Sisi tuliosaidia kuifunga njia ile moja tunapaswa kusaidia kufungua nyingine. Kwa hiyo klasi ya mwaka wa sita imepata ruhusa: kila siku ya posho, toka saa nane, atelie inapokea kazi ya sudire, vitanda, vyungu, mikokoteni, baiskeli. Nusu ya falanga ni ya mtihani wake. Mwambieni baba na mama nyumbani, na yaya wenye baiskeli mbovu wazilete.

Mkituona pale mkono mweusi, msiulize tena kama tumeuzisha mashini. Leteni chuma.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa 6 mekanika