Kitabu Kinene Kiliniponza

Jamani, muhula wa kwanza hapa Uingereza nilichomoa pauni 40 kwenye hela ya chakula, nikanunua kitabu cha lugha ya C chenye kurasa zaidi ya elfu. Nilidhani unene ndio elimu. Programu yangu ya kupima joto la mota ikagoma siku tatu, na ripoti inatakiwa Ijumaa! Nilikuwa nimeandika x & 1 == 0. Kitabu changu kilieleza & huku, == kule; ipi inatangulia, sikupaona.

Dada mmoja wa Mombasa akaniazima kile chembamba cha Kernighan na Ritchie, toleo la pili la 1988, kurasa 272. Sura ya 2 ina jedwali: == hutangulia &. Kumbe kompyuta ilikuwa inasoma x & (1 == 0), yaani sifuri daima. Nikahamisha mabano, kazi ikaisha.

Kina upungufu, mabadiliko ya C ya 1999 na baadaye hayamo, na mgeni wa kompyuta kitamtoa jasho. Lakini siku hizi sinunui kabla ya kwenda maktaba na swali lililonishinda. Nafungua faharasa kule nyuma. Nisipolipata kwa dakika mbili, nakirudisha.

Kile kinene bado ninacho. Kimeinua skrini.