Julai ya Ruiru na Julai ya Kilomita 17

Watu wa Ruiru wanaijua Julai: mawingu yamelala juu ya mashamba ya kahawa, jua limegoma, sweta hazivuliwi hata saa saba mchana. Kazi yangu ilinikutanisha na Julai nyingine, kilomita 17 juu ya mapaa yetu. Kule baridi ya Julai ni nafuu kuliko ya Januari.

Nilianza kwa kusoma vipimajoto na vipimamvua kwenye kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru, enzi ambazo aina mpya ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985, ilikuwa gumzo la wakulima. Kisha nikahamishiwa Dagoretti Corner, makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Mwaka 1996, kwa ushirikiano na wenzetu wa Uswisi, tulianza kurusha maputo ya kupima ozoni kila wiki. Miaka miwili baadaye kituo chetu kikaingia katika SHADOZ, mtandao wa vituo vya tropiki ulioanzishwa na NASA.

Chombo chenyewe hakitishi: pampu ndogo na vikombe viwili vya maji ya potasiamu ayodaidi. Hewa ikivutwa ndani, ozoni inazalisha umeme hafifu, nasi tunaupokea kwa redio. Puto hupanda kama mita 5 kwa sekunde, likivimba kadiri hewa inavyopungua, hadi lipasuke kilomita 30 na zaidi.

Januari, Ruiru ikiungua kwa jua, grafu zilionyesha nyuzi 80 na zaidi chini ya sifuri pale kilomita 17, na ozoni haba. Kufika Agosti na Septemba baridi imepungua nyuzi kadhaa, na ozoni pale juu kidogo, kwenye kilomita 18, imekaribia kuwa maradufu. Chanzo kiko mbali. Majira ya baridi ya Ulaya na Asia huzusha mawimbi makubwa ya hewa, ambayo yakivunjika katika stratosfia huivuta hewa ya ikweta ipande kwa kasi zaidi. Ikipanda inatanuka, inapoa, na inatoka chini kulikokuwa na ozoni kidogo. Baridi hiyo pia hugandisha mvuke, kwa hiyo hewa inayopenya juu Januari ni kavu kuliko ya Agosti. Ruiru waliniuliza jambo moja tu: "Mzee, mvua inaanza lini?" Sikuwalaumu, ozoni haioteshi mahindi.

Zaidi ya majira, nilizipenda pepo za juu, ambazo hugeuka kutoka mashariki kwenda magharibi na kurudi kwa mzunguko wa miezi 28 hivi, zikiipandisha na kuishusha ozoni. Tangu zianze kupimwa mwaka 1953 hazikuwahi kuvunja zamu. Mapema 2016 pepo za mashariki zikachomoza katikati ya zile za magharibi, mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Wataalamu wakaliita tukio la nadra mno. Miaka minne haikupita, zikavurugika tena.