Kipande cha Makala



Kila mwaka, tunapotayarisha picha za kufundishia watoto, mmoja wenu hutujia na kusema: «Mwalimu, ningependa kuchora, lakini sina rangi wala brashi.» Neno hilo twalijua vema, kwa kuwa sisi wenyewe tulilisema miaka mingi.

Tulipokuwa katika shule ya ualimu, tulifundishwa kwamba kila somo la watoto wadogo liwe na picha ubaoni. Kisha tukatumwa kufanya mazoezi katika shule ya kijijini ambako chaki zilikuwa zimekwisha. Mwalimu mzee wa pale alitucheka kwa upole, akatuletea kipande cha muhogo mkavu. Kwa muhogo huo tulichora mbuzi, mtungi na jembe, na watoto wakavitambua vyote. Ubao wenyewe ulikuwa umepakwa weusi wa makala yaliyotwangwa. Siku ile ingetosha kutufungua macho. Lakini tuliporudi mjini tulisahau, tukaendelea kungoja sanduku la rangi ambalo mshahara wa mwalimu haukulifikia kamwe.

Hata hivyo, tulikuwa tukiishi Lubumbashi, mji ambao ungeweza kutufundisha. Mwaka 1946, mji ulipoitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya uchoraji, akawaacha vijana watafute kila mmoja njia yake. Pili Pili Mulongoy alichora ndege, samaki na majani. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake mistari mifupi inayopishana. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake. Baadaye, katika miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alisimulia historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100. Na wachoraji wengi wa mitaani wa wakati wake walitumia kitambaa cha magunia ya unga. Watu hao walianza na kile kilichokuwa mkononi.

Lakini aliyetugeuza moyo hakuwa mchoraji mashuhuri. Alikuwa mtoto wa darasa letu la katekesi, mwenye umri wa miaka 10 hivi. Jumamosi moja tulikuta ukuta mweupe wa darasa, uliopakwa chokaa majuma machache kabla, umechorwa kwa makala: mtu ameinama juu ya cherehani. Tulikasirika. Tulimwuliza mtoto kwa nini amechafua ukuta, tukampa maji na kitambaa, akaufuta mbele ya wenzake. Hakulia wala hakujitetea. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Dada yake mkubwa ndiye aliyetuambia. Baba yao alikuwa fundi wa nguo, naye alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Basi, sisi tuliofundishwa ualimu tuliuliza habari za ukuta, wala hatukuuliza huyu mtu ni nani.

Tulikwenda kwao tukaomba msamaha, mbele ya mama yake. Tulichukua katoni safi na vipande vichache vya makala. Mtoto alichora tena, polepole, na mama alipoziona zile bega zilizoinama alinyamaza kitambo kirefu. Mtoto mwenyewe alisema: «Ile ya kwanza ilimfanana zaidi.» Hatukuwa na la kujibu.

Tangu hapo tunachora kila jioni kitu kimoja tulichokiona mchana: mikono ya mama anayeuza dagaa, baiskeli iliyopakia magunia, kichuguu chekundu kando ya njia. Hatungoji wazo kubwa. Vifaa vyetu ni vichache, nasi twavipenda. Cha kwanza ni makala: tunachagua kipande chembamba, kilichoiva hadi ndani, mstari wake hulainishwa kwa kidole ukawa kivuli, na chembe laini ya mkate hufuta palipozidi. Cha pili ni biki na daftari la shule. Biki haifutiki, kwa hiyo hutulazimisha kutazama kabla ya kugusa karatasi. Na mistari inayokatana hutupatia giza pale tunapolihitaji. Cha tatu ni udongo mwekundu, tunaouchuja kwa kitambaa na kuukoroga na uji mwepesi wa wanga wa muhogo. Hukauka ukashika vizuri kwenye katoni.

Tunawaomba jambo moja kwa juma hili. Kila mmoja achague mtu wa nyumbani kwake ambaye hajapata kuchorwa: bibi, mjomba, au yule kaka anayerudi usiku akiwa amechoka. Mtazameni akifanya kazi yake, kisha mchoreni kwa kile mlicho nacho. Mkileta picha hizo Jumamosi, tutazitundika pamoja darasani. Hatutauliza kwanza kama zimechorwa vizuri. Tutauliza: huyu ni nani? Nanyi mtatusimulia.