Mbwa Aliyeogopa Fito

Sisi wa Elimu tunaishi na wanyama wengi kwenye madesa: mbwa wa Pavlov, paka wa Thorndike, njiwa wa Skinner. Tunawakariri usiku wa kuamkia UE, tunawamwaga kwenye karatasi, basi, tumeachana nao. Mimi wamenifuata mpaka nyumbani, Milanzi, Sumbawanga, likizo ndefu iliyopita, nilipoanza kumfundisha mbwa wetu kuruka viunzi.

Anaitwa Bosi. Jina alikuja nalo, na makovu ya mgongoni pia. Mtu aliyekuwa naye alihama mji akamwachia baba. Ukiinama tu, hata kama unaokota kandambili, Bosi huyoo, nyuma ya ghala. Baba hana maneno mengi. Alisema, "Mbwa anayemkimbia mtu mwenye fimbo analinda nini? Mahindi yakiingia ghalani na bado yuko hivi, namgawa." Sikuwa na la kumbishia, maana mwizi wa mahindi haji mikono mitupu.

Wazo la kuruka lilitoka kwa mdogo wangu wa darasa la tano, aliyeona video kwenye simu yangu. Mchezo huo si wa kale. Ulianza mwaka 1978 mjini London, kwenye maonyesho ya mbwa yanayoitwa Crufts, na ulibuniwa kujaza nafasi tu kati ya shughuli nyingine, kwa kuiga mashindano ya farasi. Kule viunzi vinanunuliwa. Sisi tulikuwa na fito za mkaratusi na matofali ya kuchoma yaliyobaki baada ya kujenga jiko. Dogo alitaka kuona mbwa anaruka. Mimi niliwaza jambo lingine: kiunzi ni ufito, na ufito ndio Bosi anaoukimbia. Akiweza kuuvuka, huenda ataweza pia kusimama karibu na aliyeushika.

Zawadi ilileta mjadala. Nilitaka dagaa, mama akasema dagaa ni mboga, siyo chaki. Tukakubaliana ukoko wa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa dagaa. Kwa ishara nilitumia kizibo cha soda: ukikibonyeza katikati kinalia "tak". Hilo nililipata kwa wale wa APOPO pale Morogoro, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akifanya sawa anasikia mlio, kisha anapewa chakula, na mlio unakuwa na maana ya "hapohapo, umepatia". Panya wao mmoja, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Panya! Nikasema mbwa wa Milanzi hatashindwa.

Siku nne za kwanza hakuna aliyeruka kitu. Ufito ulilala chini uani, pembeni ya mahindi yaliyoanikwa, na mimi nilikaa mbali nao nikitupa ukoko. Kila siku kipande kilianguka karibu zaidi na ufito. Bosi alikuja kwa tumbo, akachukua, akakimbia. Tulifanya saa nne asubuhi, jua likishashika, kwa sababu Julai kwetu, juu ya mita 1,700, kabla ya hapo hata mwalimu hajielewi kwa baridi.

Siku ya tatu dogo alichoka. Akaokota ufito mwingine, akanyanyua.

"Dada, mchape kidogo tu, ataruka."

"Nani kakwambia?"

"Si ndivyo tunavyojifunza tebo?"

Alisema kawaida kabisa, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wenye swali la adhabu shuleni. Nilijua kwamba kanuni za viboko za mwaka 1979, zilivyorekebishwa 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Hakuna mahali panapotaja tebo. Lakini hayo yote unamwambiaje mtoto aliyeshika ufito? Nilimwonyesha Bosi tu, ambaye wakati huo alishafika nyuma ya ghala. Dogo akaangalia, akauweka ufito chini. Tukaanza upya.

Siku ya tano Bosi alivuka ufito kwa miguu minne. Tak! Wiki ya pili tukaupandisha juu ya tofali moja la kulazwa, kila upande. Ufito haufungwi; unawekwa juu tu ili mguu ukigusa uanguke wenyewe. Chini pawe udongo, siyo sementi. Kimo kisipite bega la mbwa, na mtoto wa mbwa asirukishwe, mifupa yake bado inakua. Bosi mtaalamu wa mifugo alimkadiria miaka mitatu kwa kuangalia meno, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mara tano au sita zinatosha, mnaacha angali anataka.

Kuna siku ufito ulianguka kwa kishindo, akapotea siku mbili. Aliporudi, dogo ndiye aliyeondoa matofali, bila kuambiwa. "Turudi chini kwanza, dada." Skinner angempa ukoko.

Bibi jirani alikuwa akisimama kwenye uzio kututazama. Siku moja baada ya shikamoo akaniuliza, "Huko chuo ndiko mnakosomea haya?" Nikamwambia ndiyo, bibi. Akatikisa kichwa, lakini kesho yake alikuja tena.

Mwisho wa Agosti Bosi alikuwa anaruka matofali matatu. Jioni moja baba aliingia na jembe begani. Bosi alimtazama, akasogea hatua tatu, akakaa. Baba alipita. Mahindi yaliingia ghalani, na habari ya kumgawa sikuisikia tena. Akija mgeni na fimbo Bosi bado anarudi nyuma, ila sasa anarudi huku anabweka.

Hosteli tunabishana kuhusu BTP. Wenzangu wengi wanasema darasa la watoto themanini bila fimbo haliendi, na najua watoto themanini hawatoshwi na ukoko wa ugali. Mimi nitakwenda na mkono mtupu, nione.

Juzi dogo alituma ujumbe kwa simu ya mama: Bosi karuka matofali manne. Nikamjibu apunguze moja, yanapita bega. Akajibu, "Nimeshapunguza."