Ndevu za Pamba

Kwetu Bukonzo, magharibi mwa Uganda, mhusika haingii kwenye hadithi mikono mitupu. Ukimwita Masika, msomaji wa Bwera ameshajua ni binti wa kwanza, na huenda tayari ana mdogo wake mgongoni. Mumbere ni mvulana wa kwanza. Baluku au Bwambale humfuata. Jina linamtwika mtoto mzigo kabla mwandishi hajasema lolote.

Na Mumbere tuliyemtaka jukwaani alikuwa mmoja tu, Charles Wesley. Baba yake, Isaya Mukirane, kiongozi wa harakati ya Rwenzururu, alifariki mwaka 1966, na mwana akarithi kiti akiwa na miaka 13, huko juu milimani, vita vya kujitenga na ufalme wa Toro vikiendelea. Shuleni, miaka ya tisini, tulimtungia mchezo. Mwigizaji wetu naye alikuwa wa miaka 13. Tukambandika ndevu za pamba, pamba ya hapa hapa Kasese, tukamfundisha kunguruma. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeshangaa kwamba mtoto alihitaji ndevu ili aigize mtoto.

Na vielelezo vya watoto halisi vilikuwa tele barabarani! Siku ya soko, watoto wa darasa la saba walishuka Mpondwe, mpakani na Kongo, na mizigo kichwani, wakubwa wametangulia. Huko nyuma ndiko kulikokuwa na maneno. Msichana alibishana bei na mama wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kwa Kiswahili kikavu cha mtu mzima, hadi shilingi ya mwisho. Akishaifunga pesa kwenye kitambaa, anamkimbiza kaka yake kwa jiwe kwa kuwa amemwita mke wa fulani. Halafu wakifika mtoni Lubiriha anakataa kuoga na wenzake aliooga nao msimu uliopita, wala hasemi kwa nini. Mwandishi hakuhitaji kuongeza kwamba binti anakua.

Siku hizi bodaboda inabeba watatu pamoja na mzigo, na dereva anasikia kila kitu. Tena tangu Juni 2023, wanafunzi walipouawa usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, wazazi ninaowajua hawataki mtoto awe njiani jua likizama. Siwalaumu. Ila maongezi yale ya nyuma ya msafara yamehamia kwenye simu, na mtu wa umri wangu akisogea, kioo kinazimwa.

Kijana mmoja wa Kasese aliniletea mswada wake. Masika wake, miaka 12, anaihutubia familia kama diwani. Nikamwambia mtoto hasemi hivyo.

"Mwalimu," akanijibu, "mama yake yuko Kampala kutafuta, wadogo watatu anawalea yeye. Aseme vipi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba kitu kimoja tu: hotuba ikiisha, Masika atumwe sabuni dukani, chenji ainunulie pipi, na azimalize zote kabla ya kufika nyumbani.